Siku 12 jangwani Arizona na mzee wangu, trela nyuma (uzi mrefu kidogo, vumilieni)

Mpiga Gia

Wakuu, salaam. Niliahidi kwamba nikirudi nitasimulia. Nimerudi Jumapili, nimelala siku mbili mfululizo, sasa naweka.

Kwa ambao hawakuwepo: mimi naishi Tucson, Arizona. Mzee wangu ana miaka 71, huu mwaka wa tatu anakaa nami, ana kadi ya ukaazi wa kudumu. Kazi yake maisha yote ilikuwa lori. Miaka 31 ya masafa marefu. Likizo za shule mimi ndiye nilikuwa utingo wake, kwa hiyo nilijifunza kushika tochi kabla sijajifunza kushika usukani. Tangu astaafu anakaa dirishani sebuleni, anatazama barabara na kumtolea hukumu kila anayeegesha vibaya.

Mwaka jana nilinunua trela la kulala la futi 20, si jipya. Lina kitanda mbele, meza inayokunjwa kuwa kitanda cha pili, jiko la gesi, choo, na bafu ambalo ukiinama kuokota sabuni lazima ufungue mlango. Nalivuta kwa pikapu. Februari nikachukua likizo nikamwambia, Baba, twende jangwani tukatembee. Akauliza, "Kuna nini huko?" Nikamwambia hakuna kitu. Akasema, "Basi twende."

Mimi nilikuwa nimeshapanga ratiba yangu ya nguvu: maili 1,400, hifadhi za Death Valley na Joshua Tree, hadi jimbo la Nevada, kila siku sehemu mpya. Nikamprintia. Akavaa miwani, akasoma kimya kurasa zote mbili, halafu akaniambia: "Hii ni ratiba ya mzigo. Mzigo unaoza, mwanangu. Mimi siozi." Akachukua kalamu akaanza kukata. Nevada ikaenda. Death Valley ikaenda. Joshua Tree ikaenda. Tukabaki na vituo vinne na kama maili 700 kwa siku 12, kuzunguka na kurudi.

Nilinuna kidogo, sitaficha. Naendelea baadaye, mzee ananiita.

Binti Upepo

"Mimi siozi" 😂😂 Mpe mzee shikamoo yangu. Nimeweka kigoda hapa, usituache njiani.

Fundi Bila Cheti

Mkuu, kabla hujaendelea: uzito wa shingo ulipima? Watu wengi wanafunga trela tu na kuondoka. Trela la kuvutwa na pikapu linatakiwa kulalia ndoano kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote. Ukiweka mizigo yote nyuma, shingo inakuwa nyepesi, mkia unaanza kucheza barabarani na hapo unaitafuta ajali.

Mpiga Gia

@Fundi Bila Cheti nilipima, mkuu. Lakini kuna kitu mzee alinifundisha ambacho mizani haikuniambia. Maji ya kunywa nilikuwa nimeyaweka nyuma kabisa, madumu sita. Akaniambia nihamishie mbele ya ekseli. Nikabisha kwamba hiyo ni kilo mia na kidogo tu. Akasema, "Kaa wewe kwenye mkia wa mbao ya bembea halafu uniambie kidogo ni ngapi." Nikahamisha.

Na ikitokea mkia umeanza kucheza: usikanyage breki ya gari kwa hofu. Achia mafuta taratibu, usukani ushike unyoofu, halafu minya kwa mkono kile kidude cha breki za trela kilichopo karibu na usukani. Breki za trela peke yake zinalivuta trela nyuma na kulinyoosha. Tulipita barabara kuu ya I-8 upepo wa ubavuni ukiwa mkali, malori yanatupita moja baada ya jingine, na kila likipita unahisi kama limekunyonya kisha likakutema. Sikuwahi kukihitaji, ila kidole kilikuwa jirani.

Haya, kituo cha kwanza.

Tulitoka Tucson kwa barabara ya 86 kuelekea magharibi, tukakatiza ardhi ya Tohono O'odham, wenyeji wa asili wa huko, hadi kwenye njia panda yenye kijiji kinaitwa Why. Ndiyo, "Kwa Nini". Mzee aliniomba nirudie mara mbili. Inasemekana jina lilitokana na barabara mbili kuungana kama herufi Y, ambayo kwa Kiingereza hutamkwa "why". Maili kumi kaskazini ya hapo kuna mji unaitwa Ajo, ambayo kwa Kihispania ni kitunguu saumu. Kwa siku tatu zilizofuata kila nikimuuliza mzee kitu anajibu, "Kwa nini? Kitunguu saumu."

Sisi tulikata kusini kwenda Organ Pipe Cactus, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1937, inapakana na Mexico. Kambi yake inaitwa Twin Peaks. Hakuna umeme wala bomba la kuunganisha kwenye trela, unajitegemea. Hapo ndipo kadi ya wazee ilipolipa: ukiwa na miaka 62 na kuendelea, uwe raia au mkaazi wa kudumu, unanunua kadi ya maisha kwa dola 80 na kambi nyingi za serikali kuu unalipa nusu. Mzee alimwonyesha mhudumu kadi ile kama mtu anayeonyesha kitambulisho cha ukachero.

Kuingiza trela kwenye nafasi yetu nilijaribu mara nne. Majirani wametoa viti nje, wanatazama, wanajifanya wanasoma. Mzee ameshuka, amesimama kwenye kona ninayomwona kwenye kioo, hasemi kitu. Mara ya tano akaja dirishani: "Shika usukani chini, kwenye saa kumi na mbili. Unataka mkia uende wapi? Peleka mkono huko huko. Na uache kuangalia trela zima, angalia tairi lake tu." Likaingia. Jirani mmoja akapiga makofi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kiguu na Njia

Hiyo ya kushika usukani chini ni dhahabu. Nimeteseka miaka miwili na trela la boti hakuna aliyeniambia.

Mama Wawili

Swali la kizembe samahani. Maji mnatoa wapi na choo kinaishia wapi? Mama yangu ana miaka 68, nikimwambia habari za kujisaidia ndani ya gari atanikana.

Mpiga Gia

@Mama Wawili si la kizembe, ndilo swali lenyewe. Sababu ya mimi kutaka trela na si hema ni choo. Mzee anaamka mara mbili usiku. Kwenye hema angevaa viatu, ashike tochi, atembee gizani kwenye miiba. Kwenye trela ni hatua nne, taa inawaka, anarudi kulala.

Trela lina matanki matatu. La maji safi, letu linachukua galoni 30, kama lita 113. La maji ya kuoshea vyombo na kuogea, wanaita la kijivu. Na la choo, jeusi. Maji safi unajaza kwenye bomba la kambi, yale mawili unakwenda kuyamwaga kwenye kituo maalumu kwa bomba nene. Vaa glovu. Mwaga jeusi kwanza, halafu la kijivu lifuate lisafishe bomba. Dakika kumi tu, ila dakika kumi hizo usimwite mama aje kuangalia.

Lita 113 zinaonekana nyingi hadi siku ya kwanza nilipooga kama niko nyumbani. Mzee alikuwa nje anasubiri maji ya udhu. Nilipotoka akatazama kipimo cha tanki, akanitazama mimi, akasema: "Tayamamu haijuzu maji yakiwepo. Lakini kwa kuoga kwako huku, kesho itajuzu." Tangu hapo naloa, nafunga bomba, najipaka sabuni, nafungua, najisuuza. Tulikaa usiku tatu na tukabakiza.

Kwa mama yako jambo la kuangalia ni ngazi. Ngazi za trela ziko juu na zinatikisika. Nilifunga kishikio kirefu cha chuma mlangoni na chini nikaweka kigoda kipana cha mbao. Dola arobaini na kitu jumla, na ndiyo pesa niliyotumia vizuri kuliko zote kwenye trela hili.

Binti Upepo

Kwa hiyo siku tatu mlikuwa mnafanya nini hapo? Kukaa tu?

Mpiga Gia

Kukaa tu. Mimi siku ya kwanza nilikuwa nawashwa miguu. Kila saa moja nasema tupande kilima kile, twende kule. Mzee ameweka kiti chake kivulini mwa trela, upande wa mashariki alasiri, upande wa magharibi asubuhi, anahama na kivuli. Anatazama jangwa kama alivyokuwa anatazama barabara ya nyumbani, tofauti ni kwamba huku hakuna wa kumkosoa.

Jangwa la Sonora si mchanga mtupu, hili linawashangaza wengi. Limejaa mimea. Kuna saguaro, ile dungusi kakati kubwa yenye mikono. Inakua polepole mno: kwa miaka kama kumi ya mwanzo haifiki hata urefu wa kidole, na mkono wa kwanza mara nyingi huota ikishapita miaka 50, wengine wanasema 75. Nilipomsomea mzee hayo kwenye kibao akafikiri kidogo. "Basi mimi ndo kwanza natoa mkono." Kuna na organ pipe yenyewe, ambayo haina shina moja, inachomoza matawi matawi kutoka chini kama fungu la mabomba.

Na kuna cholla. Hii mjihadhari nayo. Kwa mbali inapendeza, ina manyoya ya rangi ya siagi, ukiipitia jirani kipande kinakatika na kukung'ang'ania. Kilimpata mzee kwenye suruali juu ya kifundo cha mguu, donge ukubwa wa limau. Silika inakwambia ulitoe kwa mkono, halafu linahamia mkononi. Mzee mmoja wa kambi ya jirani alikuja anachechemea na kitana. Unakichomeka kitana kati ya donge na ngozi, unalirusha upande usio na mtu, kwisha. Miiba iliyobaki unaing'oa kwa koleo ndogo. Tangu siku hiyo mzee anatembea na kitana mfuko wa shati, na nywele hana.

Tulizunguka pia ile njia ya milimani, Ajo Mountain Drive, maili 21 za changarawe. Trela haliruhusiwi, tuliliacha kambini tukaenda na pikapu. Hiyo ni faida ya trela juu ya yale mabasi ya kulala: nyumba inabaki, gari linatembea.

Kijana wa Mwisho

Mkuu mbona kama unapaka rangi tu. Kwa gharama za trela, mafuta, bima, si bora hoteli? Mzee analala kitanda safi, anaoga maji ya moto bila kuhesabu.

Mpiga Gia

Hesabu zako haziko mbali, sitabishana. Pikapu yangu ikiwa tupu galoni moja inanipa maili 20. Nikifunga trela inanipa kumi. Kama unasafiri wiki moja kwa mwaka, trela halikulipi, kodi la mtu au lala hoteli.

Ila kwa mzee wangu hoteli ilishashindikana. Tulijaribu mwaka juzi. Kila usiku kitanda kipya, swichi za taa sehemu mpya, bafu lina beseni refu la kurukia, dawa zake ziko kwenye begi lipi hajui. Kwenye trela dawa za presha ziko kikombe kile kile dirisha lile lile kuanzia siku ya kwanza hadi ya 12. Nje kunabadilika, ndani hakubadiliki. Kwa mtu wa miaka 71 hiyo ni nusu ya safari.

Fundi Bila Cheti

Hapo umemaliza. Wengi mnapanga safari ya mzee kwa miguu ya kijana. Wenzetu wa matrela wana kanuni yao ya tatu-tatu-tatu: usizidi maili 300 kwa siku, fika kabla ya saa tatu zao za mchana, kaa usiku tatu.

Kiguu na Njia

Saa tatu zao ni saa tisa zetu. Kwa hiyo kwa Kiswahili ni tatu-tisa-tatu 😂

Mpiga Gia

Mzee aliisikia hiyo kanuni akaikata nusu. Maili 150, basi. Na kufika mapema nimeelewa sababu: ukifika jua lipo unaona tawi, unaona jiwe, unaona kama umeegesha kwenye mkondo wa mto mkavu. Hili la mto mkavu lizingatieni. Unaona eneo tambarare lenye mchanga laini, unaona hapa pazuri. Mvua inaweza kunyesha milimani mbali kabisa, kwako jua linawaka, maji yakakukuta usiku. Arizona wana sheria ya mwaka 1995 ambayo watu wanaiita ya dereva mjinga: ukikwepa kizuizi ukaingia kwenye barabara iliyofurika na ukaja kuokolewa, unaweza kutozwa gharama za uokoaji.

Sasa niwape lililotokea siku ya nne.

Tumetoka Organ Pipe kuelekea kaskazini. Karibu na mpaka kuna vizuizi vya doria ya mpaka hata ukiwa ndani ya nchi kabisa, hamjavuka popote. Wenye kadi ya ukaazi: sheria inataka mtu mzima awe nayo mwilini, si picha kwenye simu, si "nimeiacha nyumbani". Mzee anayo shingoni kwenye kamba. Askari akauliza mnatoka wapi, mnakwenda wapi. Mzee akamjibu kwa Kiingereza chake cha madereva, "Slowly." Jamaa akacheka akatupisha.

Tukapita Ajo, mgodi wa shaba uliofungwa mwaka 1985, shimo kubwa linaonekana. Tukasimama kabla ya mji wa Gila Bend kunywa chai. Kila tukisimama mzee ana desturi yake: hata kabla ya kunyoosha mgongo anazunguka trela, anaweka kiganja kwenye kila tairi halafu kwenye kila habu (kitovu cha gurudumu). Mimi nilikuwa naona ni mazoea ya kizamani. Siku hiyo alizunguka, akafika tairi la nyuma kulia, akaweka kiganja, akakitoa haraka. Akaenda la mbele, akarudi. Akaniita. "Weka mkono hapa." La mbele lilikuwa vuguvugu. La nyuma habu haikushikika.

Nikamwambia labda ni breki, au jua liko upande huo. Hakunijibu. Akasema toa jeki.

Tulipoinua gurudumu akalizungusha kwa mkono, sikio amelisogeza karibu. Linaguguna. Akalishika juu na chini akalitikisa, linacheza. Beringi. Aliyeniuzia trela alinihakikishia kwamba grisi ni mpya, alinionyesha hadi risiti. Tulipofungua kofia ya habu, grisi iliyokuwemo ilikuwa nyeusi, imekauka kama lami ya zamani. Tungeingia I-8 na maili 60 za jangwa mbele, gurudumu lingetoka lenyewe.

Tulikokota taratibu mwendo wa baiskeli hadi Gila Bend. Fundi akabadilisha beringi za upande ule na sili yake. Ilichukua saa tatu, mzee amesimama nyuma yake muda wote, mikono mgongoni. Hakuna lugha waliyoelewana vizuri, fundi anazungumza Kihispania zaidi, lakini nikatoka kununua maji nikirudi nakuta mzee ameshika tochi.

Mama Wawili

Hapo pa tochi nimesisimka.

Fundi Bila Cheti

Wakuu mmesikia. Kiganja. Tairi moja likiwa la moto kuliko wenzake kuna sababu: upepo mdogo, breki imeshika, au beringi. Na msiangalie kashata (ile mistari ya tairi) peke yake, matairi ya trela yanazeeka yakiwa yamesimama. Ubavuni kuna namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2317 ni wiki ya 23 ya 2017. Hilo ni la kubadilisha hata kama linang'aa.

Mpiga Gia

Naomba nikubali hapa hadharani kwamba nilikuwa nimemchukua mzee kama abiria. Nimemnunulia mto wa shingo. Anakaa kushoto... samahani, kulia, huku usukani uko kushoto, na hilo nalo lilimsumbua siku mbili, mguu wake wa kulia unakanyaga breki isiyokuwepo kila tukikaribia kona. Baada ya Gila Bend nilikuwa namuuliza, Baba tusimame? Baba unaonaje upepo? Mguu ukatulia.

Tukafika Dateland, kituo cha barabarani chenye mashamba ya mitende. Wanauza tende na maziwa ya barafu yaliyosagwa na tende. Mzee alikunywa kikombe kizima na nilijifanya sikuona, sukari yake iko sawa. Tende za Medjool zote za eneo hili zina asili ya machipukizi 11 yaliyoletwa kutoka Morocco mwaka 1927, wakati ugonjwa ulikuwa unaimaliza mitende kule. Alinunua kilo mbili.

Kisha mji wa Yuma, usiku tatu. Siku moja tuliacha trela tukavuka kuingia California kutazama vilima vya mchanga. Hapo sasa ndiyo jangwa la kwenye kalenda. Mkivuka na trela kumbukeni California anayevuta trela mwisho ni maili 55 kwa saa, hata kama kibao cha wengine kinasema 70. Na msimu wa baridi saa inarudi nyuma moja, mzee alichukia kula chakula cha mchana mara mbili.

Karibu na barabara ya Grays Well kuna mabaki ya barabara ya mbao. Mwaka 1915 watu walitaka kupitisha magari juu ya mchanga unaohama, wakatandika mbao. Ilikuwa njia moja, upana kama mita mbili na nusu, na sehemu za kupishana kila baada ya umbali fulani. Mchanga ukiifunika, wanainua vipande kwa farasi na kuvitandika upya. Walienda hivyo hadi 1926 lami ilipojengwa. Kipande kilichobaki kimezungushiwa uzio. Mzee alisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote safarini. Mwishowe akauliza: "Wakikutana wawili katikati, nani anarudi rivasi?" Sikuwa na jibu. Akasema, "Mwenye mzigo mwepesi. Lazima." Akaendelea kuangalia.

Kijana wa Mwisho

Nafuta kauli yangu ya hoteli. Usiku baridi vipi lakini? Nasikia jangwani unaganda.

Mpiga Gia

Mchana tulikuwa na nyuzi 22, 24, shati tu. Usiku ilishuka hadi nyuzi 3. Hita ya trela inatumia gesi lakini feni yake inatumia betri, na hilo ndilo lililoniumbua. Usiku wa pili Yuma betri ilikata saa tisa, feni ikasimama, nikaamka naona pumzi yangu. Mzee yuko macho, amejifunika, ananisubiri nigundue mwenyewe. Kesho yake nikaongeza blanketi mbili, nikaishusha hita usiku, na sola niliielekeza vizuri kusini.

Msiwashe jiko la gesi kupasha chumba. Trela ni sanduku dogo, gesi ya sumu inayotoka haina harufu na haimwamshi mtu. King'ora chake kiwepo na betri mpya.

Na maji ya kunywa: hewa kavu inakukausha bila kutoka jasho, na wazee kiu inawachelewa. Mzee anasema hana kiu hadi midomo imepasuka. Tukaweka sharti la barabarani, kila tukisimama dereva anakunywa na utingo anakunywa. Akauliza utingo ni nani. Nikanyamaza.

Binti Upepo

Kituo cha nne bado. Usilale.

Mpiga Gia

Quartzsite. Mji wa watu elfu chache ambao msimu wa baridi unafurika matrela hadi upeo wa macho. Ni ardhi ya serikali, eneo la La Posa, msimu wake ni 15 Septemba hadi 15 Aprili, tulilipa dola 40 kwa siku 14. Unachagua kichaka chako unaegesha. Wengi ni wazee wanaokimbia theluji, na jioni mzee alikuwa na ratiba kubwa ya kutembelea watu kuliko mimi nikiwa na miaka 20. Wote wanataka kumwonyesha injini.

Kilichotupeleka hasa ni makaburi. Niliona kwenye ramani jina "Hi Jolly", kuna piramidi ndogo ya mawe na juu yake ngamia wa chuma. Nikamsomea mzee kibao. Mwaka 1856 jeshi la Marekani lilileta ngamia kupitia Texas kujaribu kama watafaa jangwani kubeba mizigo, na wakaleta watu wa kuwaongoza. Mmoja aliitwa Haji Ali, mtu wa upande wa Shamu enzi za Waturuki. Wanajeshi walishindwa kulitamka, likawa Hi Jolly. Mwaka 1857 ngamia wale walisaidia kupima njia ya kwenda California. Vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, mpango ukafa, ngamia wakauzwa. Yeye akabaki, akajaribu biashara ya kubeba mizigo kwa ngamia, akaoa Tucson, akafa hapo Quartzsite mwaka 1902.

Mzee alikuwa kimya. Halafu akarudia jina polepole, hailiyoli, hailiyoli, haji... "Haji Ali." Akavua kofia, akainua mikono, akamsomea Fatiha. Jamaa wawili waliokuwa wanapiga picha wakashusha simu zao. Alipomaliza akaniambia, "Dereva mwenzetu."

Hapo tulikaa usiku nne badala ya tatu.

Kiguu na Njia

Nimepita hapo mara tatu kwenda Los Angeles, nimeona ngamia yule juu nikadhani ni tangazo la biashara. Dah.

Mama Wawili

Kurudi mlirudije? Na mzee yuko wapi sasa, anasemaje kuhusu safari nyingine?

Mpiga Gia

Kurudi ni I-10, maili 240 hivi, tukaigawa siku mbili kwa amri yake. Phoenix tulipita alfajiri kabla ya foleni. Nyumbani nilimwomba yeye aingize trela uani. Alikataa, akasimama kwenye kona ninayomwona kwenye kioo. Niliingiza mara ya pili.

Safari nyingine hajasema kitu. Ila sasa hivi yuko nje, ameinua trela kwa jeki. Anasema beringi za kulia zilibadilishwa mbele ya macho yake, za kushoto hajaziona. Giza linaingia, anaita, wacha nikamshikie tochi.